Uvimbe ulinywea, mbona umerudi? Uzi wa seli shina za saratani

Mtu wa Maabara (Tudor)

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Juzi kuna dada aliuliza swali hapa, watu wakalipita mbio wakaenda kubishana bei za skani. Mamake alikuwa na saratani ya titi. Akapigwa kemo, uvimbe ukanywea mpaka daktari anaupapasa na haupati vizuri, jamaa wakachinja mbuzi. Mwaka haukutimia ukarudi, na safari hii dawa zile zile haziugusi. Swali lake: dawa ilifanya kazi au haikufanya?

Mimi si daktari wa saratani. Kazi yangu ni maabara: kukata vinyama, yaani vipande vya nyama ya mwili vilivyotolewa kwa vipimo, vyembamba vyembamba, kuvipaka rangi, kuvitia chini ya darubini. Lakini jambo hili nalifuatilia, na jibu langu ni kwamba dawa ilifanya kazi yake. Ila kunywea kwa uvimbe na kwisha kwa ugonjwa ni mambo mawili.

Ukiutazama uvimbe kwenye darubini huoni seli za sampuli moja. Kuna kubwa, kuna ndogo, kuna zinazogawanyika ovyo, kuna zilizokufa, na kuna zilizotulia tuli. Dhana ya seli shina inasema ni chache tu kati ya hizo zenye uwezo wa kuuanzisha uvimbe upya. Zilizobaki hugawanyika mara kadhaa kisha basi. Wenye mashamba huko Kisauni wanaijua ndago. Ukiifyeka juu, shamba linapendeza, lakini vijikiazi vyake viko chini vinangoja mvua. Kemo nyingi ni panga la kufyekea.

Dhana hii haikutoka hewani. Mwaka 1994, kundi la mtafiti John Dick kule Toronto lilichukua seli za saratani ya damu kutoka kwa wagonjwa likawadunga panya wasio na kinga. Waliona ni kama seli moja tu katika kila 250,000 iliyoweza kuuanzisha ugonjwa ndani ya panya. Mwaka 2003 watu wa Chuo Kikuu cha Michigan wakafanya hivyo kwa saratani ya titi. Walizichagua seli kwa alama za juu ya utando wake, zenye CD44 na zisizo na CD24, au zenye CD24 kidogo mno. Seli 100 za aina hiyo zilitosha kuotesha uvimbe kwa panya. Za aina nyingine, hata ukidunga makumi ya maelfu, hapaoti kitu.

Sasa usugu unatoka wapi? Dawa nyingi za kemo huua seli inapojigawa, na seli shina nyingi zimelala, hazijigawi. Halafu zina pampu: protini kwenye utando wa seli zinazoitema dawa nje kabla haijafanya madhara. Pampu ya kwanza ya namna hii ilielezwa mwaka 1976, Toronto vilevile. Na tiba ya miale nayo? Mwaka 2006 kundi la Chuo Kikuu cha Duke lilionyesha kwamba kwenye saratani ya ubongo, seli zenye alama ya CD133 huikarabati DNA yake upesi baada ya kupigwa miale. Zenzao zinakufa, zenyewe zinasimama kidogo, zinajiunga, zinaendelea na safari.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la Dallas, 2012. Panya wenye uvimbe wa ubongo walipewa temozolomide, dawa ambayo hata wagonjwa wetu hupewa. Seli zilizokuwa mbioni zikafa. Kisha watafiti wakatazama uvimbe unaanza upya kutokea wapi, na ukaanzia kwenye seli chache zilizokuwa zimelala, ambazo walikuwa wameziwekea alama ya kung'aa mapema. Hapo mtu hahitaji kubahatisha, anaona kwa macho.

Haya, karibuni.

Bintiye Mama

Wa alaykum salaam kakangu. Ni mimi niliyeuliza. Ahsante sana, angalau kuna mtu aliyenisoma. Nina swali jingine na usinicheke. Shemeji yangu amenionyesha makala ya Kizungu yanasema baada ya kemo hizo seli mbaya zinaongezeka ndani ya uvimbe. Sasa si ina maana tulikuwa tunazilisha? Mama mwenyewe ameshaanza kusema bora angeachwa.

Mtu wa Maabara (Tudor)

Dadangu, nani acheke. Swali hilo hata wasomi linawababaisha.

Utafiti anaousema shemeji yako huenda ni ule wa Houston wa mwaka 2008. Walikata vinyama vya titi kabla ya kemo na tena baada ya wiki 12. Seli zenye zile alama za shina zilikuwa wastani wa asilimia 4.7 mwanzo, zikawa asilimia 13.6 baadaye. Ukisoma haraka unaona zimeongezeka karibu mara tatu. Lakini hiyo ni asilimia ya kile kilichobaki.

Hebu piga hesabu. Tuseme uvimbe ulikuwa gramu 100. Asilimia 4.7 yake ni gramu 4.7. Kemo ikaupunguza ukabaki gramu 20. Asilimia 13.6 ya 20 ni gramu 2.7. Kwa hivyo hata hizo mbaya zimepungua, ila zimepungua pole pole kuliko zenzake. Gramu hizo ni za mfano wangu, asilimia ni za utafiti. Mwambie mama hakulisha kitu. Kama asingetibiwa, zile 4.7 zingekuwa zinakua pamoja na zote zilizobaki.

Na kwenye utafiti huohuo, wagonjwa wenye aina ya HER2, yaani seli zao za saratani zina wingi wa protini iitwayo HER2, waliopewa lapatinib, dawa inayolenga HER2 yenyewe, asilimia yao haikupanda. Hilo ndilo lililowapa watafiti moyo kwamba kwa silaha inayofaa seli hizi zinagusika.

Kuku wa Bamburi

Nipo nasoma kimya kimya mpaka nimeona niingie. Mimi nafuga kuku wa nyama. Kuna dawa inaitwa salinomycin, huchanganywa kwenye chakula cha kuku kuzuia ule ugonjwa wa vifaranga kuhara damu. Kuna video inazunguka WhatsApp inasema wanasayansi wa Marekani waligundua inaua hizo seli shina za saratani ya titi mara 100 kuliko kemo, na makampuni yakafunika kwa sababu ni rahisi. Ukweli upo? Maana kama upo, mimi ninayo stoo.

Mtu wa Maabara (Tudor)

Yakhe, iache stoo! Nusu ya video hiyo ni kweli, na hapo ndipo inapopata nguvu.

Mwaka 2009 kundi moja la Massachusetts lilipima kemikali kama 16,000 moja moja, likitafuta ile inayoua seli zenye tabia ya shina. Salinomycin ikatoka mbele: ilipunguza sehemu ya seli hizo kwa zaidi ya mara 100 ukilinganisha na paclitaxel, kemo wanayoijua wengi. Halikufunikwa hata kidogo, lilichapishwa kwenye jarida kubwa la *Cell* na maabara kadhaa duniani zikalirukia.

Lakini hizo zilikuwa seli za kwenye sahani, na panya. Salinomycin huvusha chumvichumvi kupita utando wa seli, na haichagui sana ni seli ya nani. Ndiyo maana farasi na punda wakila chakula cha kuku kilichotiwa dawa hii hufa, misuli na moyo vinaharibika. Kuna mtu aliyeimeza na kuivuta kwa bahati mbaya, akaugua vibaya, na madaktari wakaandika habari zake. Nafasi kati ya kipimo cha kutibu na cha kuua ni nyembamba mno. Wakemia wanajaribu kuichonga upya ili wapate umbo lisilo na sumu hiyo, na mpaka leo hakuna dawa ya saratani iliyotoka humo ikaidhinishwa.

Muuguzi wa Zamu

Naongezea hapo kwa Kuku wa Bamburi: usimpe mtu hata punje. Tunapokea watu wamekunywa vitu ambavyo hata hawawezi kuvitaja, ini limechoka, kemo inabidi iahirishwe wiki na wiki. Kisha lawama ni kwa kemo.

Shangazi wa Mji wa Kale

Nyinyi wanangu na dawa zenu za kuku na panya. Mbona hamtaji majani ya mstafeli? Marehemu jirani yangu alikunywa na alipata nafuu. Dawa za miti si ndizo zilizotulea?

Mtu wa Maabara (Tudor)

Shikamoo shangazi. Dawa za miti sizidharau, na ushahidi uko uani kwa watu wengi hapa Mombasa. Lile ua la rangi ya waridi lenye petali tano linalojiotea kwenye vyungu na kando ya kuta, linaloitwa vinka, ndilo lililotoa vincristine na vinblastine, kemo zinazotumika mpaka leo, ya kwanza hata kwa watoto wenye saratani ya damu. Lakini hakuna anayechemshiwa maua. Kilichomo kilitolewa, kikapimwa kwa miligramu, kikajulikana kikizidi kinaharibu mishipa ya fahamu.

Stafeli, ndiyo, vitu vilivyomo vinaua seli kwenye sahani. Lakini hata jiki itaua seli kwenye sahani. Kwa binadamu hakuna jaribio kubwa lililoonyesha kwamba inatibu saratani. Na kuna la kutia wasiwasi: kisiwani Guadeloupe, ambako watu hula stafeli na kunywa majani yake kwa wingi, mwaka 1999 madaktari waliihusisha na ugonjwa wa kutetemeka unaofanana na Parkinson. Tunda la juisi la siku mojamoja halina neno, shangazi. Ni ile chai ya kila siku, miezi na miezi, tena katikati ya kemo, ndiyo isiyofaa.

Shangazi wa Mji wa Kale

Marahaba. Haya, nimesikia. Juisi sitoacha.

Msomi Mkorofi

Mwenye uzi umeeleza vizuri lakini umewapa watu picha safi kuliko ilivyo. Ndago yako ina kasoro kubwa. Jani la ndago haliwezi kugeuka kijikiazi. Seli ya saratani ya kawaida inaweza kugeuka seli shina. Kundi la mtafiti Robert Weinberg lilionyesha hivyo mwaka 2011 kwa seli za titi: zisizo shina zilijirudia zenyewe zikawa shina.

Pili, majaribio ya panya yana mtego. Mwaka 2008 kundi la Sean Morrison, Michigan hapo hapo, lilitumia panya walioondolewa kinga zaidi, kwa saratani ya ngozi ya melanoma. Kabla yake ilisemwa ni seli moja katika elfu, au hata katika milioni, inayoweza kuotesha uvimbe. Kwa panya hawa wapya ikawa karibu moja katika kila nne. Seli ni zile zile, aliyebadilika ni panya. Kwa hivyo kabla hujasema "chache tu", uliza zilihesabiwa ndani ya mnyama gani.

Mtu wa Maabara (Tudor)

Mkorofi karibu, nilikuwa nakungoja wewe. Hayo yote ni kweli, na ndago nakuachia uing'oe.

Mimi ningeongeza la 2017, maana linakata mizizi ya ubishi mwingi. Watu wa kampuni ya dawa ya Genentech walitengeneza panya wenye saratani ya utumbo mpana ambao seli zao zenye alama ya Lgr5, yaani shina, zingeweza kuuliwa zote kwa amri ya mtafiti. Wakaziua. Uvimbe wa utumbo ulisimama kukua lakini haukuondoka. Seli zisizo shina ziliushikilia. Walipoacha kuua, shina zikazaliwa upya kutoka kwa hizo hizo na uvimbe ukaendelea. Ila kwenye ini mambo yalikuwa mengine: bila seli zenye Lgr5, saratani ilishindwa kusambaa na kuota huko.

Ukilifikiria hilo huenda ukaona kwa nini kampuni zilizokuja na dawa za "kuua shina" peke yake zimeanguka. Napabucasin ilitangazwa sana kwamba inazima ushina, ikafika majaribio ya mwisho kwa wagonjwa wa tumbo, utumbo na kongosho, haikuwaongezea maisha. Siyo kwamba shina hazipo. Huenda ni kwamba ukiziua hizo tu, zilizobaki zinajaza nafasi. Ukiua zilizobaki tu, shina zinajaza nafasi.

Fundi wa Feni

Na metformin je? Mzee wangu anakunywa ya sukari. Nilisikia inaua hizo shina.

Mtu wa Maabara (Tudor)

Kwa sahani na panya, mwaka 2009, ndiyo, matokeo yalikuwa mazuri mno, hasa ikichanganywa na kemo. Ndipo wakafanya jambo la maana: wakawapa wanawake halisi. Wagonjwa 3,649 wa saratani ya titi wasio na kisukari, nusu metformin, nusu kidonge kisicho na dawa, hadi miaka mitano. Majibu yalitoka 2022, na kwa jumla hapakuwa na tofauti ya maana katika kurudi kwa ugonjwa. Mzee aendelee kuinywea sukari yake.

Bintiye Mama

Sasa kakangu, mimi nafanya nini? Kliniki yetu ni wiki ijayo. Shina, panya, yote nimeelewa, lakini nikikaa mbele ya daktari nitamwambia nini?

Muuguzi wa Zamu

Dada, hilo nijibu mimi. Ulizia kinyama kipya, yaani kipande kipya cha uvimbe kitolewe kikapimwe. Saratani iliyorudi si lazima iwe na sura ile ya mwanzo. Iliyokuwa na vipokezi vya homoni, yaani vishikizo vya kunasia homoni kwenye seli, inaweza kuwa imevipoteza, na HER2 nayo hubadilika kwa baadhi ya watu. Majibu hayo ndiyo yanayoamua dawa. Nimewaona watu wakipangiwa duru mpya kwa karatasi ya miaka mitatu nyuma. Muulize pia kwa upole: dawa hii mpya inatarajiwa kumwongezea mama muda, au kumpunguzia maumivu, au vyote? Na mambo ya SHA, ile bima ya afya ya serikali ya Kenya, yaulizie kabla ya siku ya kudungwa, usingoje asubuhi ile.

Mtu wa Maabara (Tudor)

Na kinyama chenyewe, nisikilize hapa kwa makini maana ndiyo kazi yangu. Kikitolewa kinatakiwa kiingie kwenye formalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja, na formalini iwe nyingi, kama mara kumi ya kinyama. Nimewahi kupokea kipande cha titi kwenye chupa ya maji ya chumvi, kimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, jamaa wamevuka nacho feri ya Likoni na jua la saa saba. Nikakikata, kimelegea, rangi haishiki, kipimo cha homoni kinatoka hapana hata kama jibu ni ndiyo. Mtu anakosa kidonge cha kila siku cha kuzuia homoni ambacho kingemfaa kwa sababu ya chupa. Kwa hivyo ukikabidhiwa uchukue wewe, uliza "hii ni formalini?" kabla hujatoka mlangoni. Na kinyama cha zamani kimehifadhiwa kwenye kipande cha nta. Omba wakitoe, kilinganishwe na kipya.

Bintiye Mama

Nimeandika yote. Allah awalipe.

Kuku wa Bamburi

Lakini kuna mahali popote ambapo huu usugu umeshindwa kweli? Maana tangu nianze kusoma ni kuanguka tu.

Mtu wa Maabara (Tudor)

Mfano upo, tena mzuri. Kuna aina ya saratani ya damu, lukemia ya promielositi, iliyokuwa ikiua watu kwa kutokwa na damu ndani ya wiki chache. Wang Zhenyi wa Shanghai na wenzake badala ya kuziua seli walizikomaza. Waliwapa wagonjwa asidi itokanayo na vitamini A, na zile seli zilizokataa kukomaa zikakomaa, zikazeeka, zikafa kifo cha kawaida. Mwaka 1988 walitoa habari za wagonjwa 24: 23 walipata nafuu kamili bila kemo yoyote. Siku hizi huchanganywa na aseniki, na kwa wasio katika hatari kubwa, zaidi ya tisa katika kumi hupona. (Na jamani, si vitamini A ya dukani. Hiyo ukiizidisha ni sumu ya ini.)

Fundi wa Feni

Hapo umenikumbusha. Ami yangu wa Changamwe ana lukemia ile ya pole pole, anakunywa imatinib, mwaka wa nne sasa. Kipimo cha mwisho wamemwambia haionekani. Tangu mwezi jana ameacha vidonge, anasema kapona. Ni sawa?

Mtu wa Maabara (Tudor)

Si sawa, kaka. Mpigie leo hii.

Imatinib huzima seli zinazogawanyika, lakini shina za ugonjwa huo hukaa kwenye uboho na kidonge hakizimalizi. Kuacha kumejaribiwa, tena kwa heshima. Wafaransa walitoa majibu mwaka 2010: walichukua watu ambao ugonjwa ulikuwa hauonekani kwa miaka miwili mfululizo, kwa kipimo kikali cha PCR, wakawasimamisha dawa na kuwapima kila mwezi. Kama sita katika kumi ugonjwa ulirudi, karibu wote ndani ya miezi sita. Kama wanne katika kumi walikaa salama mwaka mzima. Habari njema ni kwamba waliorudiwa wakapewa kidonge upya kikaushika tena ugonjwa, kwa sababu ulionekana mapema, kwenye kipimo, kabla ya mwili kuhisi chochote. Ami anaacha bila wa kumpima. Hiyo ndiyo tofauti.

Fundi wa Feni

Nimempigia. Kwanza kanikaripia, ati mimi fundi wa feni nimekuwa daktari lini. Nikamsomea yote uliyoandika. Kanyamaza, kisha akaniambia vidonge viko ndani ya mfuko wa koti la harusi, alivificha shangazi asivione. Kesho asubuhi nampeleka kliniki wamtoe damu kwanza, na daktari aseme mwenyewe aanze lini.